Joto la Chumba, Lakini Chumba cha Nani?

Haya ndiyo niliyoyasema Jumamosi iliyopita, katika ukumbi wa shule moja huku Temeke, mbele ya walimu wa sayansi, wazazi na wanafunzi wa kidato cha kwanza hadi cha nne. Waliokosa kufika wameniomba niyaandike. Nimeyaweka yote kama yalivyotoka. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Shikamooni wazee wangu. Walimu wenzangu, wazazi, wanangu: mu hali gani?

Mmejibu kwamba hamjambo. Jana mliulizwa hivyo hivyo, na kesho mtaulizwa tena. Kwa nini tunaulizana kila siku jambo lile lile? Kwa sababu hali hubadilika. Sijawahi kusikia mtu akimsalimia jirani yake, "Leo una urefu gani?" Urefu wa mtu mzima tunaujua. Hali hatuijui mpaka tuulize. Na Kiswahili kimeziita yabisi, kimiminika na gesi kwa neno hilo hilo: hali. Hali za maada. Nimefundisha kemia miaka 31, na sijapata neno linalofundisha vizuri kuliko hilo.

Kabla sijaendelea. Hiki hapa ni kichupa cha plastiki, nimekitoa sasa hivi kwenye deli lenye barafu. Ndani mna kipande cha metali kinachong'aa kama fedha. Mwalimu uliye mbele, kitikise. Kinagonga? Kinagonga. Basi ni yabisi. Kizungusheni safu kwa safu, kila mmoja akifumbate kidogo kiganjani halafu ampe wa pembeni. Msikifungue. Tutakiulizia baadaye.

Mimi nimelelewa na bibi yangu Mafia, na Mafia ni nazi. Bibi alikuwa akipika mafuta mwenyewe na kuyaweka kwenye chupa, na maisha yangu yote niliyajua mafuta ya nazi kuwa kitu cha kumimina. Nikaajiriwa, nikapangiwa Njombe. Bibi akanifungia chupa mbili. Asubuhi ya kwanza nimeamka nipake mafuta, nainamisha chupa, hayatoki. Meupe, magumu, kama samli. Nikaona yameharibika njiani. Nikamwandikia barua ya kumpa pole kwa kazi yake iliyopotea. Jibu lake lilichukua wiki tatu kufika, na lilikuwa na mstari mmoja wa maana: "Mafuta hayana kosa, mjukuu wangu, ni huko uliko."

Ni huko uliko. Ndugu zangu, hilo ndilo nililokuja kuwaambia leo. Mafuta ya nazi huganda yakifika nyuzijoto 24 au hapo karibu. Mafia hayafiki huko ila asubuhi chache za Julai. Njombe yanaamka huko kila siku. Mafuta ni yale yale.

Sasa fungueni vitabu vyenu. Jedwali la elementi lina elementi 118. Kitabu kinasema kwamba katika joto la chumba, 11 kati yake ni gesi: haidrojeni, naitrojeni, oksijeni, florini, klorini, na wale watulivu sita, yaani heliamu, neoni, agoni, kriptoni, zenoni na radoni. Mbili ni vimiminika: zebaki na bromini. Nyingine zote ni yabisi, ukiacha chache nzito za mwisho wa jedwali ambazo hazijawahi kutengenezwa kwa kiasi cha kuonekana kwa jicho. Wanangu, mmekariri hivyo? Mmekariri. Mtihani ukija andikeni hivyo hivyo, kwa sababu ndilo jibu sahihi kwa nyuzi 25.

Lakini mimi nauliza: chumba cha nani?

Chumba cha nyuzi 25 ni chumba cha makubaliano. Wanasayansi walihitaji namba moja ya kulinganishia vipimo vyao, wakachagua 25, na baadhi yao hutumia 20. Hakuna ubaya. Ila tazameni kipimajoto nilichotundika pale kwenye nguzo. Ni saa tano asubuhi, Februari, Dar es Salaam, mabati juu yetu. Kinasoma 32. Je, humu ndani vimiminika bado ni viwili?

Si viwili. Siziamu huyeyuka kwenye nyuzi 28.5. Galiamu huyeyuka kwenye nyuzi 29.8. Kati ya elementi ambazo mtu anaweza kuziweka kwenye chupa na kuziona, katika ukumbi huu, sasa hivi, vimiminika ni vinne. Mtoto wa Temeke akiniandikia "nne" na kunieleza sababu, nampa maksi zote, na nampigia mama yake simu.

Siziamu sikuja nayo, na sitakuja nayo. Huwaka ikigusana na hewa na hulipuka kwenye maji. Huishi ndani ya kioo kilichozibwa. Lakini ndiyo inayotuhesabia muda: tangu 1967 sekunde ya dunia nzima imepimwa kwa mitetemo ya mwale unaotokana na atomu ya siziamu, mitetemo 9,192,631,770 kwa sekunde moja.

Galiamu ndiyo kipenzi changu. Mwaka 1871 mkemia Mrusi, Mendeleev, alitazama jedwali lake la elementi, akaona pengo chini ya alumini, akasema hapa kuna elementi ambayo hatujaipata. Akaandika sifa zake: itakuwa na uzito wa gramu 5.9 hivi kwa kila sentimita ya ujazo, na itayeyuka kwa joto dogo. Miaka minne baadaye, 1875, Mfaransa Lecoq de Boisbaudran akaipata kweli, akaiita kwa jina la kale la nchi yake, Gallia. Akaipima uzito, akapata 4.7. Mendeleev, ambaye hajawahi kuiona wala kuishika, akamshauri aisafishe na kuipima upya. Akapima upya. 5.9. Mnaelewa uzito wa jambo hilo? Mtu yuko St Petersburg, hana hata chembe ya kitu chenyewe, anamsahihisha aliyekishika mkononi.

Galiamu ya kwanza niliipewa zawadi na mwalimu aliyekuwa akistaafu, gramu 20. Ilipofika darasani ilikuwa Januari, na ilikuwa maji. Wanafunzi wakarudi nyuma wote kwa mpigo: "Mwalimu, zebaki!" Nikaona nisubiri Julai, itaganda yenyewe. Julai ikaja, kipimajoto cha darasani kikasoma 25, na galiamu ikabaki maji. Wiki nzima. Hapo nikajifunza na mimi. Galiamu iliyoyeyuka yote husahau namna ya kuganda. Inaweza kupoa chini ya kiwango chake na isigeuke, mpaka ipate chembe yabisi ya kuanzia. Nikaiweka kwenye friza, nikakata punje, tangu siku hiyo punje hiyo naitunza kama hamira. Jambo jingine: galiamu hutanuka ikiganda, kama maji yanavyofanya. Ndiyo maana kichupa kinachozunguka hapo ni cha plastiki. Cha kioo kingepasuka.

Mtu ataniuliza, na ni swali la haki: kwa nini basi dhahabu haiyeyuki kwenye joto letu, na oksijeni haigandi? Nani kaamua?

Fikirini ngoma uwanjani. Watu wameshikana mikono. Joto ndilo mdundo. Ngoma ikipigwa polepole, kila mtu yuko mahali pake, anayumba tu: hiyo ni yabisi. Mdundo ukipanda, mikono inaachiana na kushikana tena, mmoja anapita nyuma ya mwenzake, lakini kundi bado ni moja: kimiminika. Mdundo ukizidi, wanaachiana kabisa, wanatawanyika uwanja mzima mpaka mitaa ya jirani: gesi. Sasa, kuna watu wana mikono yenye nguvu na kuna wenye mikono dhaifu. Dhahabu hawaachiani mpaka nyuzi 1,064. Heliamu karibu hawashikani kabisa. Ngoma ni moja, mikono ndiyo tofauti.

Na hakuna ukoo unaoonyesha hilo vizuri kama halojeni. Ndugu wanne, wamepangwa chini kwa chini kwenye safu moja ya jedwali. Florini, mdogo, ni gesi ya manjano hafifu. Klorini, anayemfuata, ni gesi ya kijani-manjano. Bromini ni kimiminika chekundu cha damu ya mzee. Iodini, ile tunayoiita madini joto kwenye paketi ya chumvi, ni yabisi yenye rangi ya kijivu cheusi. Damu moja, hali tatu! Kwa nini? Kadiri unavyoshuka safu, atomu inakuwa kubwa, inabeba elektroni nyingi zaidi, na wingi huo wa elektroni ndio unaozipa molekuli mkono wa kushikana. Florini huchemka kwenye nyuzi 188 chini ya sifuri. Klorini, 34 chini ya sifuri. Bromini, 59 juu ya sifuri. Iodini, 184. Na joto letu sisi wanadamu limekaa katikati ya ngazi hiyo, kati ya klorini na bromini. Tungeishi kwenye sayari ya nyuzi 70, vitabu vingesema bromini ni gesi, na vingesema kweli.

Bromini yenyewe ina asili ya chumvini. Mnaopita Kunduchi mmeyaona mabwawa ya chumvi: maji ya bahari yanaingizwa, jua linakausha, chumvi inabaki. Kabla hayajakauka kabisa, huwa kuna maji ya mwisho, machungu, mazito. Kusini mwa Ufaransa, kule Montpellier, kulikuwa na mabwawa kama hayo, na kijana aitwaye Balard, hajafika hata miaka 25, aliyapitishia klorini maji hayo ya mwisho. Yakageuka manjano hadi wekundu. Akatoa ndani yake kimiminika chenye harufu mbaya, na 1826 akatangaza elementi mpya. Jina lake linatokana na neno la Kigiriki la uvundo. Kumbe mkemia mkubwa wa Ujerumani, Liebig, alikuwa ameshaletewa kimiminika hicho hicho. Alikitazama haraka, akaandika kwenye chupa kwamba ni mchanganyiko wa iodini na klorini, akakiweka rafuni. Wanangu, mtu aliyeona ni Balard, kwa sababu alikaa nacho. Kila lita ya maji ya bahari pale Coco Beach ina bromini, miligramu 65 hivi, imefungwa ndani ya chumvi.

Sasa nije kwenye zebaki. Hapa nitakaa, naomba mnivumilie.

Kwa karne nyingi watu waliamini kwamba zebaki ni maji kwa asili yake, kwamba Mungu aliiumba hivyo na haiwezi kuwa vingine. Desemba 1759, kwenye baridi kali ya St Petersburg, mwanasayansi Braun alichanganya theluji na asidi ili kushusha baridi zaidi, akatumbukiza kipimajoto. Zebaki ikashuka, ikashuka, ikasimama. Yeye na mwenzake Lomonosov wakavunja kioo. Ndani mlikuwa na gololi ya metali na mkia wake kama waya, na waligonga gololi ile kwa nyundo ikabonyea kama metali ya risasi. Zebaki huganda kwenye nyuzi 39 chini ya sifuri. Imani ya karne nyingi ilikwisha mchana mmoja, na sababu yake ni ile ile ya bibi: ni huko uliko.

Mbona metali nyingine karibu zote ni ngumu, na hii ni maji? Kiini cha atomu ya zebaki kina protoni 80. Kinavuta kwa nguvu kiasi kwamba elektroni za ndani zinakimbia kwa zaidi ya nusu ya mwendo wa mwanga. Kwenye mwendo huo kanuni za Einstein zinaingia kazini: elektroni za nje nazo zinavutwa ndani zaidi, atomu inazing'ang'ania, haitaki kuzishiriki na jirani. Mikono dhaifu. Mahesabu yaliyochapishwa 2013 yalionyesha kwamba bila athari hiyo zebaki ingeyeyuka kwenye nyuzi 82. Maana yake, bila Einstein, zebaki ingekuwa yabisi hata hapa Dar es Salaam.

Ni nzito ajabu. Chupa ya soda ya nusu lita ukiijaza zebaki ina karibu kilo saba. Msumari wa chuma unaelea juu yake. Ni nzuri kutazama, na hapo ndipo ilipo hatari.

Nilikuwa na mwanafunzi, kijana mwerevu. Alipomaliza kidato cha nne akaenda machimboni Kanda ya Ziwa. Mnajua kazi ilivyo: jiwe linatoka duarani, yaani shimoni, linasagwa kwenye karasha, unga unaoshwa mwaloni, halafu zebaki inachanganywa kwa mkono ili ikamate chembe za dhahabu. Unabaki na kidonge cheupe. Kidonge kinachomwa, zebaki inaondoka, dhahabu inabaki. Yeye alikuwa anachomea chumbani, kwenye kikaangio, mlango umefungwa ili wezi wasione moshi. Miaka sita. Alipokuja kunisalimu nilimpa chai, na kikombe kiligonga sahani mpaka alipokiweka mezani. Akaniambia, "Mwalimu, ile ni maji tu. Nanawa mikono kila siku."

Ile ni maji tu. Walimu wenzangu, mimi ndiye niliyemfundisha kwamba zebaki ni kimiminika. Nilimfundisha neno, sikumfundisha hali. Kimiminika hakijatulia. Nguo iliyoanikwa inakauka bila kuchemshwa, si ndiyo? Zebaki nayo inapaa hivyo hivyo, bila moto, bila rangi, bila harufu, na kila joto likiongezeka nyuzi 10 mvuke wake unaongezeka mara mbili hivi. Kwenye kikaangio, juu ya nyuzi 357, inachemka yote. Na pafu likivuta mvuke huo, sehemu nane kati ya kumi hubaki mwilini na kuelekea kwenye ubongo na figo. Kunawa mikono kutasaidia nini, wakati njia ni pua?

Kwa hiyo nawaomba. Mwenye ndugu machimboni amwambie: usichomee ndani, usichomee karibu na watoto wala wajawazito. Kuna chungu cha chuma chenye mfuniko na bomba. Mvuke unapita kwenye bomba, unapoa, unarudi kuwa zebaki, unaikinga na kuitumia tena. Ni kemia ile ile ya darasa la hali za maada, inaokoa fedha na inaokoa akili. Nchi yetu imeridhia Mkataba wa Minamata wa 2013, uliopewa jina la mji wa Japani ambako zebaki iliyomwagwa baharini iliwapooza watu. Na ninyi akina mama, kipimajoto cha zamani kikipasuka nyumbani: watoto nje, madirisha wazi, msifagie, maana ufagio unaisambaza. Ikusanyeni kwa karatasi ngumu, matone madogo yabandueni kwa utepe wa gundi, mfungie kwenye chupa yenye mfuniko.

Gesi nitazipitia haraka, muda umekwenda.

Nimezungumzia joto tu, lakini ipo na kani ya kubana. Tikisa mtungi wa gesi jikoni: unasikia maji. Ile si elementi, lakini funzo ni lile lile. Imebanwa ikawa kimiminika kwenye joto la jiko lako. Klorini ya kusafishia maji hubanwa hivyo hivyo kwenye mitungi ya chuma, na mwanasayansi Mwingereza, Faraday, aliigeuza kimiminika mwaka 1823. Naitrojeni, ambayo ni asilimia 78 ya hewa tunayovuta humu, ikipozwa hadi nyuzi 196 chini ya sifuri huwa maji safi, na wafugaji mlio hapa mmeiona: ndiyo inayotoa ule moshi mweupe mhimilishaji anapofungua mtungi wa mbegu za ng'ombe. Kituo cha taifa cha uhimilishaji kule Usa River, Arusha, kinategemea hewa iliyofanywa maji.

Na heliamu ni yetu. Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba bonde la Rukwa lina hazina kubwa ya gesi hiyo. Inatokana na urani na thoriamu zinazooza polepole ndani ya miamba ya kale, na joto la Bonde la Ufa ndilo linaloifungulia. Mholanzi Kamerlingh Onnes alikuwa wa kwanza kuifanya kimiminika, Julai 1908, kwenye nyuzi 269 chini ya sifuri. Na kuigandisha? Kwa kani ya kawaida ya hewa haigandi kamwe, hata ukishuka hadi mwisho wa baridi yote. Hakuna chumba, popote pale, ambacho peke yake kitaifanya yabisi. Mpaka uibane.

Basi, kichupa changu kiko wapi? Kimefika mlangoni? Binti, ni wewe umekishika? Simama, mwanangu. Kitikise, wenzako wasikie. Hawasikii kitu? Kiinamishe basi. Waambie unachoona.

"Kinachuruzika, Mwalimu."

Kiko hali gani?

"Kimiminika."

Ahsante. Kirudishe kwenye deli, ukifukie vizuri chini ya barafu, maana kidato cha pili wanakihitaji saa tisa.